Usiku wa Tanuri: Nani Alipie Mwanga wa Gemu?

Mhadhara wa umma, Kanduyi, Bungoma

Nianze na giza. Kwenye mteremko wa Mlima Elgon, upande wa Kitale, kuna pango la Kitum, linaloingia ndani ya mlima kiasi cha mita 200. Ndovu huliingia kukwangua chumvi ukutani kwa pembe zao, na alama za pembe hizo zimebaki kwenye mwamba. Mtu akisimama mlangoni mchana huona jambo ambalo macho yamelizoea mno hata akili haiulizi: jua halifiki ndani, lakini ndani kunaonekana. Mwanga umepiga ardhi ya mlangoni, ukaruka hadi darini, ukatoka darini ukaangukia ukuta wa mbali, na kila unaporuka unapungua na kubeba kidogo rangi ya kile ulichokigusa. Dari iliyo karibu na mlango ina rangi ya vumbi la chini yake. Mbele zaidi ni maumbo tu. Mbele kabisa ni giza, na ndovu hupapasa njia kwa mkonga.

Tuseme kijana wa hapa Kanduyi anataka pango hilo liwe levo ya gemu. Ataunda sakafu, kuta na dari kwa pembetatu, atazivika picha za mwamba, kisha ataweka jua nje. Akiiendesha, atapata mlango unaong'aa na, hatua moja ndani, weusi kama wa chungu kilichofunikwa. Kompyuta imehesabu safari ya kwanza tu ya mwanga, kutoka kwenye jua hadi kitu cha kwanza kilichoupokea. Safari ya pili, ya tatu na ya nne hazimo, na pango zima linaishi kwa safari hizo. Mwaka 1984 watafiti wanne wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, yaani Goral, Torrance, Greenberg na Battaile, walichapisha njia ya kuzihesabu, wakiiazima kwa wahandisi wa joto waliokuwa wakitafuta jinsi joto linavyohama kutoka uso mmoja hadi mwingine. Njia hiyo, radiositi, hukatakata kila ukuta kuwa vipande vidogo, kisha hukiuliza kila kipande: unakiona kipande gani kingine, na kwa kiasi gani? Miaka miwili baadaye James Kajiya aliliweka suala lote katika mlinganyo mmoja, ambao watu wa michoro ya kompyuta wanaendelea kuukadiria mpaka leo. Nasema kuukadiria kwa makusudi, kwa sababu kwa mahali penye umbo tata kama Kitum hakuna anayeufikisha mwisho.

Hapa ndipo muda unapoliwa. Vipande 10,000 vina jozi karibu milioni 50 za kuulizwa. Vikiwa 20,000, jozi zinafika karibu milioni 200: vipande vimeongezeka mara mbili, kazi imeongezeka mara nne, na kila jozi inataka kwanza kujua kama kuna nguzo au mwamba uliosimama katikati. Injini za gemu za leo zina hila za kukwepa nyingi ya jozi hizo, na baadhi hurusha miali kwa kubahatisha badala ya kuuliza kila kipande. Hata hivyo tabia ya hesabu ni ileile. Anayetaka kivuli laini zaidi kidogo hulipa zaidi sana.

Wenye kazi hii husema wanauoka mwanga. Sisi tunaoishi kati ya matanuri tuna neno lililokaa vizuri zaidi. Vijijini Bungoma na Trans Nzoia, anayejenga hufyatua matofali, huyaanika, huyapanga yawe tanuri, hulikandika kwa udongo, kisha huwasha moto na kukesha akiulisha kuni. Kabla ya moto, tofali lililopinda hunyooshwa kwa kiganja. Baada ya moto halinyooshwi, likikosewa ni la kuvunja. Lakini tofali lililoiva hubeba ukuta miaka mingi bila kudai kuni tena. Kuchoma mwanga ni hivyo hivyo. Hesabu yote ya mirukio hufanywa mara moja kwenye kompyuta ya mtengenezaji, na matokeo huhifadhiwa kama picha ndogo zinazobandikwa juu ya kuta, yaani ramani za mwanga, ambazo gemu inazisoma tu. Anayetumia zana za kampuni ya Valve anaufahamu mkesha wenyewe: skrini huandika 0, nukta tatu, 1, nukta tatu, 2, na kuendelea hadi 10. Kutoka 0 hadi 4 ni kufumba na kufumbua. Kati ya 5 na 6 mtu anaweza kusonga ugali, akaula na sukuma wiki, akaosha sufuria, na akirudi akute imeongezeka nukta moja.

Desturi hii haikuzuka kwa uvivu wa waandishi wa programu. Gemu ya Quake ilipotoka Juni 1996, kampuni ya id Software iliahidi kwamba ingeendeshwa kwenye Pentium ya megahezi 75 yenye kumbukumbu ya megabaiti 8. Simu janja ya bei ya chini kabisa inayouzwa leo Bungoma mjini ina nguvu kuliko hiyo mara nyingi. Kompyuta dhaifu namna ile isingeweza kuhesabu vivuli mara kadhaa kwa sekunde, kwa hiyo John Carmack na wenzake waliihamisha kazi hiyo iishe kabla diski haijafika dukani. Programu moja iliigawa levo kuwa vyumba vidogo vya kihesabu. Ya pili ilihesabu, kwa kila chumba, ni vyumba gani vingine vinavyoweza kuonekana kutoka humo, wazo lililokuwa limechambuliwa kwa kina na Seth Teller katika tasnifu yake ya uzamivu huko Berkeley mwaka 1992. Ya tatu iliweka mwanga, sampuli moja kila baada ya pikseli 16 za picha ya ukuta, kwa upana na kwa urefu. Mwaka 1997 Quake II ikaongeza mirukio ya radiositi, na mwaka uliofuata Half-Life ikapita njia hiyohiyo. Kila hatua iliurefusha usiku wa mtengenezaji, lakini haikumwongezea mchezaji kazi inayolingana na hiyo.

Hoja yangu inaanzia kwenye mgawanyo huo. Kila mwanga wa gemu una gharama, na haipotei, huhama tu. Ama mtengenezaji ailipe mara moja usiku, ama kila mchezaji ailipe upya kila fremu. Gemu inayokwenda fremu 30 kwa sekunde inaipa simu milisekunde 33 za kufanya kila kitu: kusikia kidole, kusogeza adui, kupiga sauti, kuchora. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Levo imechomwa saa 8, yaani sekunde 28,800. Watu 10,000 wakiicheza saa moja kila mmoja, wamecheza sekunde milioni 36. Usiku mzima wa tanuri, ukigawanywa kwao, haufiki hata sehemu moja ya elfu ya kila sekunde waliyocheza. Ukiihamishia kazi ileile ndani ya simu zao, italipwa kwa betri. Simu itapata joto, na prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe, gemu ianze kukwamakwama mkononi mwa mtu ambaye hana pa kuichaji mpaka jioni. Kwa hiyo nashikilia kwamba kwa mtengenezaji wa Kanduyi, na kwa wachezaji wenye simu za Tecno na itel anaowatengenezea, uchomaji mrefu ni deni ambalo mwenye uwezo zaidi anawalipia wenye uwezo mdogo. Anayeukwepa awe na hakika anajua ni nani amemwachia deni hilo.

Kuna sababu nyingine, na hii ni ya mahali petu hasa. Kanduyi iko chini ya digrii moja kaskazini mwa ikweta. Mwishoni mwa Machi na Septemba jua la adhuhuri linakaribia kuwa juu ya utosi, na mwaka mzima haliendi mbali sana na hapo. Jua la wima halipigi kuta, linapiga mabati, lami na udongo. Tazameni kibanda chochote cha stendi saa sita mchana: ukuta ulio chini ya ukingo wa paa haujaguswa na jua hata kidogo, lakini unasomeka wote, bei za M-Pesa na matangazo ya mahubiri, kwa sababu ardhi iliyo mbele yake imeurudisha mwanga juu pamoja na mwanga wa anga. Tena imeurudisha na rangi yake. Pale penye murramu, upande wa chini wa mabati una wekundu ambao fundi hakuupaka. Katika nchi za kaskazini ya mbali jua la kulala huingia dirishani na kupiga ukuta moja kwa moja, kwa hiyo msanii wa huko anaweza kudanganya kwa safari ya kwanza ya mwanga na asigundulike. Hapa akidanganya, kila ukuta wa soko utakuwa mweusi saa sita mchana. Mwanga wa kurudi ndio unaotuonyesha nyuso za watu wanaouza nyanya, na mwanga huo ndio wenye hesabu ndefu.

Nimesikia pingamizi, na la kwanza lina uzito. Wanasema enzi ya kuchoma imepita: tangu 2018 kampuni ya Nvidia inauza kadi za michoro zenye vifaa vya kufuatilia miali papo hapo, na tangu 2022 injini ya Unreal 5 ina mfumo uitwao Lumen unaourusha mwanga huku mchezaji akitembea. Sogeza dirisha, na chumba kinabadilika mbele yako. Ni kweli, na ni kazi ya kuvutia. Lakini tuitazame historia ya id Software wenyewe. Mwaka 2004, katika Doom 3, Carmack aliziacha ramani za mwanga, kila taa ikahesabiwa papo hapo, na vivuli vikawa vikali kama vimekatwa kwa wembe. Mirukio haikuwemo, ndiyo maana gemu ile ilijaa giza totoro, na kwa kuwa mchezaji hakuweza kushika kurunzi na bunduki pamoja, mashabiki walitengeneza kiraka cha kuvifunga vitu hivyo viwili kwa utepe wa gundi. Miaka 7 baadaye, katika Rage, kampuni hiyohiyo ilirudi kuuchoma mwanga ndani ya picha za kuta. Sasa imegeuka tena: Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024, iliyoundwa na MachineGames kwa injini ya ukoo wa id, na Doom: The Dark Ages ya Mei 2025, hazichezeki bila kadi ya kufuatilia miali. Watengenezaji wamepumzika na mikesha yao. Waliolipa ni wanunuzi, kwa bei ya kadi, na asiyekuwa nayo amebaki nje ya mlango. Kampuni inayouza Ulaya na Marekani inaweza kufanya uamuzi huo na ikapata faida. Tukiuiga bila kupima, tutakuwa tumejenga gemu za Bungoma zisizochezeka Bungoma. Na si kila aliye mbele ameacha tanuri: Half-Life: Alyx ya 2020 na ramani za Counter-Strike 2 ya 2023 zinatumia mwanga uliochomwa, kwa sababu moja inataka fremu zisizokosa ndani ya miwani ya uhalisia pepe, na nyingine inataka kasi isiyoyumba hata kwa mwenye kompyuta ya kawaida.

Pingamizi la pili ni la stima, na wanaolitoa hawatanii. Juni 7, 2016 tumbili mmoja aliiangukia transfoma ya kituo cha Gitaru, megawati zaidi ya 180 zikapotea, na nchi ikakosa umeme. Tumbili alitoka salama. Usiku wa Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya Kenya ililala gizani, na Desemba ya mwaka huohuo ikawa hivyo tena. Unamwambiaje mwanafunzi awashe hesabu ya saa 10 katika nchi ambayo tumbili anaweza kuizima? Lual Mayen, aliyezaliwa katika ukimbizi wa Sudan Kusini na kukulia kambini kaskazini mwa Uganda, alijifunza kutengeneza gemu kwenye laptopu ambayo mama yake aliidunduliza kwa miaka mitatu, na alikuwa akitembea masaa matatu kwenda kuichaji. Gemu yake ya amani, Salaam, ilianzia hapo. Mtu wa namna hiyo hawezi kuambiwa avumilie tu.

Jibu langu ni kwamba umeme wenyewe si mwingi. Kompyuta ya mezani inayokula wati 300 kwa saa 10 imetumia uniti 3 za tokeni, na laptopu ya wati 65 haifiki hata uniti moja. Kinachouma ni kukatizwa. Dawa ya kukatizwa ni ya zamani, kila mchoma matofali anaijua: usipange tanuri moja kubwa kuliko kuni ulizonazo. Levo igawanywe sehemu, kila sehemu ichomwe peke yake ndani ya saa moja, na matokeo yahifadhiwe kabla ya kuanza nyingine, ili stima ikipotea upotee mlango wa pango, si mlima wote. Dawa ya pili inahitaji uamuzi wa wakubwa. Hesabu ya mwanga hugawanyika kirahisi kuliko karibu kazi yoyote ya kompyuta, kwa sababu kipande cha ukuta huu hakimsubiri mwenzake wa ukuta ule. Zana za Valve na za Unreal zimekuwa zikiwagawia wenzao wa ofisi moja kazi hiyo tangu zamani, kila kompyuta iliyokaa bure ikibeba fungu lake. Sasa fikirini maabara za kompyuta za vyuo vikuu, za Kibabii hapa jirani na za Masinde Muliro kule Kakamega. Jioni zinafungwa kwa kufuli. Mashine zilizolala zikiunganishwa usiku, saa 10 za mwanafunzi mmoja zinaweza kuwa chini ya saa moja. Zana hazihitaji leseni ya bei: msimbo wa Quake umekuwa huru tangu 1999, Blender ni ya bure, na injini ya Godot, ambayo nayo inachoma mwanga, ni ya bure vilevile. Kinachokosekana ni mtu wa kuacha swichi ikiwa imewashwa na kutia sahihi.

Wengine husema kungoja kunaua ubunifu, kwamba msanii asiyeona matokeo papo hapo huacha kujaribu. Hili nalikubali nusu. Nusu nyingine ni kwamba muda mwingi unaolalamikiwa ni wa kujitakia. Chukueni kosa linalojulikana kuliko yote katika zana za ukoo wa Quake: tundu. Kuta mbili hazikukutana sawasawa, pengo ni dogo kuliko kidole, lakini kwa programu ya mwonekano levo nzima sasa imefunguka kwenye utupu, haina ndani wala nje. Programu hukataa, na huchora mstari kutoka ndani ya chumba hadi penye tundu. Anayejifunza, badala ya kuufuata mstari huo na kuziba, hulifunika jengo lote kwa sanduku moja kubwa la anga. Programu inaacha kulalamika. Sasa kila paa, kila kisogo cha ukuta ambacho hakuna mchezaji atakayekiona, kiko ndani ya sanduku, na kompyuta inakesha ikivihesabia mwonekano na mwanga. Hesabu ya dakika imekuwa ya usiku, halafu inalaumiwa kompyuta.

Kusonganisha sampuli kupita kiasi ni kosa la jamaa moja. Ukuta wa mita 4 kwa 3, ukiwekewa sampuli kila sentimita 10, una sampuli 1,200. Kila sentimita 5, 4,800. Kila sentimita 2.5, 19,200. Ukuta wa nyuma kabisa wa Kitum, ambao uko gizani, hauhitaji hata zile 1,200, lakini injini haijui kwamba hakuna cha kuona pale mpaka mtu aiambie. Fundi mzuri huweka sampuli nyingi pale kivuli cha nguzo kinapoangukia njia ya mchezaji, na kwingine anabana kama anayehesabu misumari. Wakati wa kujaribu huchoma kwa ubora wa chini, wenye madoadoa, mara ishirini kwa siku kama atapenda. Moto wa kweli huuwasha mara moja, mwishoni. Hapo ubunifu haujafa. Umefanywa pale tofali lilipokuwa bichi.

Pingamizi la mwisho siwezi kulishinda, na sitajaribu. Mwanga uliochomwa hautembei. Anayetaka matatu izunguke kati ya Malaba na Kanduyi tangu alfajiri hadi magharibi, vivuli vikizunguka njia nzima, hawezi kuichoma siku yote kirahisi, na jua letu linalozama karibu wima, giza likishuka ndani ya nusu saa hivi, lina uzuri ambao ramani iliyoganda haina. Wa namna hiyo atumie jua la papo hapo kwa safari ya kwanza ya mwanga, na mirukio aikadirie kwa vituo vichache vilivyochomwa kwa saa mbalimbali za siku. Ni njia ya katikati, ina mishono inayoonekana, na katika gemu za barabara naiona inafaa kuliko zote. Lakini wengi wa vijana hawajengi barabara ya siku nzima. Wanajenga nyumba, madarasa, vichochoro, mapango. Tangu The Adventures of Nyangi ya Wesley Kirinya mwaka 2007, hadi Nairobi X ya Black Division Games iliyoleta vita vya risasi kwenye simu mwaka 2015, Wakenya wameonyesha kwamba kuijenga nchi yao kwa pembetatu wanaweza. Kuiangazia jinsi inavyoangazwa ni kazi nyingine.

Kwa hiyo turudi Kitum. Jua liwekwe juu, si pembeni kama injini nyingi zinavyolileta zikifunguliwa. Ardhi ya mlangoni ipewe rangi yake halisi ya vumbi, isiwe kijivu cha kiwandani, maana hiyo ndiyo taa ya pango. Mirukio iwe minne au mitano, wa kwanza ndio wenye thamani kuliko yote kwa macho. Mita 30 za mwanzo zipewe sampuli nyingi, zilizobaki zipewe chache. Ziba matundu. Washa saa tatu usiku, maabara ikishafungwa. Asubuhi usianze kuutazama mlango, kila mtu hupata mlango. Ingia hatua kumi, inua kamera, utazame dari: kama vumbi limepanda huko kwa rangi, tanuri limeiva.